Mtoto asimame kwenye nukta kabla hajaichora

Ukiandika kwenye ramani ya simu −6.17, 35.74, itakupeleka Dodoma. Sahau alama ya kutoa, uandike 6.17, 35.74, utajikuta kusini-magharibi mwa Ethiopia. Irudishe alama mahali pake lakini utangulize namba ya pili, uandike 35.74, −6.17, na makao makuu ya nchi yanatumbukia katika bahari ya Atlantiki, magharibi ya mji wa Tangier huko Morocco. Namba ni zile zile mbili. Kilichobadilika ni mpangilio wake na kialama kimoja kidogo.

Nafundisha Hisabati katika shule ya msingi wilayani Pangani. Kila nikifika kwenye mada ya majira ya nukta, nasikia maneno yale yale kwa wazazi na hata kwa walimu wenzangu: mada hiyo ni nyepesi, ni kuhesabu miraba tu, ipite haraka tuwahi sehemu na asilimia. Sikubaliani nao hata kidogo. Kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja mada hii ina mitego mingi, na wanaonaswa hawanaswi kwa uzito wa vichwa vyao. Wananaswa kwa sababu tunawakabidhi ubao, rula na chaki wakati walihitaji kwanza kuitembea gridi kwa miguu.

Tuchukue nukta moja tu, (3, 5). Watoto watano wanaiweka kwenye daftari. Wa kwanza anatamka "moja" pale pale kwenye sifuri, kwa kuwa vidole vyake vimezoea kuanzia moja, na nukta yake inaangukia (2, 4). Wa pili anatia alama kwenye 3 ya mhimili mlalo, anatia nyingine kwenye 5 ya mhimili wima, anaweka kalamu chini akiwa ameridhika. Kwake yeye namba mbili ni nukta mbili. Wa tatu anaweka nukta ndani ya kiboksi badala ya pale mistari inapokatana. Wa nne anapanda juu hatua 3 ndipo aende kulia hatua 5. Wa tano amechora mihimili yake bila kupima: kati ya 1 na 2 kuna sentimita mbili, kati ya 4 na 5 kuna nusu sentimita, kwa hiyo hata akihesabu sawasawa mchoro wake umepinda.

Wote watano wanapata mkasi wa kalamu nyekundu. Mkasi ni mmoja, makosa ni matano, na kila kosa lina dawa yake. Mwalimu anayerudia "x kwanza, halafu y" mpaka sauti ikauke anamsaidia yule wa nne peke yake. Wengine wanne wanatoka darasani kama walivyoingia, na jioni wanawaambia wazazi wao kwamba wao hesabu haziwaingii.

Kosa la yule wa tatu, la kuweka nukta ndani ya kiboksi, ndilo linalonishughulisha kuliko yote, maana sisi wakubwa ndio tuliolipanda. Kwenye drafti kizibo kinakaa ndani ya chumba. Kwenye ratiba ya shule, kipindi cha Kiswahili kinakaa ndani ya kiboksi cha Jumanne. Kwenye kalenda ya ukutani, tarehe iko ndani ya kiboksi chake. Maisha yote ya mtoto yamemfundisha kwamba mistari ni kuta na vitu hukaa ndani ya kuta. Halafu siku moja tunamwambia kitu kinakaa juu ya makutano ya mistari, wala hatumwambii kwamba kanuni imebadilika. Tunapaswa kumwambia wazi, na kumpa sababu: chumba cha drafti kina upana, na ukisema kizibo kiko ndani hujasema kiko sehemu gani ya chumba hicho. Nukta haina upana. Kati ya mstari wa 3 na wa 4 kuna 3.5, na mtoto aliyezoea vyumba hana mahali pa kuiweka hiyo nusu.

Tusidhani haya ni mambo ya kujionea tu yakaeleweka. Mfaransa René Descartes alichapisha kitabu chake cha jiometri mwaka 1637, na hicho ndicho kinachotajwa kila mara kuwa chimbuko la gridi tunayofundisha. Lakini hata humo hutaikuta ile mihimili miwili, mmoja umelala na mwingine umesimama, kama tunavyoichora ubaoni leo, na majibu yaliyotoka hasi yeye aliyaita ya uongo. Ni waliokuja baada yake walionyoosha mchoro ukawa huu wetu. Kilichowachukua wataalamu vizazi kadhaa kukipanga, sisi tunataka mtoto akimeze kwa kipindi kimoja cha dakika 40.

Huku pwani kuna watu wanaojua kazi ya makutano ya mistari bila kuingia darasani. Marehemu mjomba wangu alikuwa mvuvi. Mwamba aliokuwa akivulia changu ulikuwa chini ya maji, hauonekani, na hapakuwa na boya. Aliipeleka ngalawa mpaka mnazi mmoja mrefu wa ufukweni ukae sawasawa mbele ya mnara wa msikiti. Hapo alijua yuko kwenye mstari wake. Lakini mstari ni mrefu, na mwamba unaweza kuwa mbele au nyuma. Akaufuata mstari huo huo bila kuupoteza, huku akitazama upande wa pili, mpaka kilele cha kilima kilingane na ncha ya rasi. Mistari miwili ikikutana, nanga inashuka.

Nikiwasimulia watoto habari hii wanaidaka upesi, kwa kuwa wengi wana baba au kaka baharini. Ndipo ninapouliza: kwa nini mnazi na mnara havikutosha? Mtoto anayelijibu swali hilo kwa maneno yake mwenyewe ameshaelewa kwa nini nukta moja inadai namba mbili, na yule aliyekuwa akiweka alama mbili kwenye mihimili anajisahihisha bila kuguswa. Mwalimu wa Iringa au Tabora hana ngalawa, lakini ana njia za shamba, reli, mtaa na mtaa unaoukata. Atafute cha kwao.

Baada ya hapo tunatoka nje. Kazi ya kuchora gridi uani wanaifanya watoto wenyewe, na nusu ya somo imo humo. Huku Tanga kamba ya katani haikosekani. Tunaanza na kona. Fundi wa nyumba anapotaka kona yenye pembe mraba hupima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, kisha anahakikisha kutoka ncha hii hadi ile kuna mita 5 kamili. Na sisi tunafanya hivyo hivyo. Kutoka kona hiyo tunapima kila nusu mita na kupigilia vijiti, kisha tunamwaga chokaa kufuata kamba. Kabla ya kupigilia nauliza: tukitaka gridi ya kuanzia 0 hadi 10, tunahitaji mistari mingapi kila upande? Darasa zima hujibu kumi. Tunapigilia, tunahesabu, na vijiti vinagoma: lazima viwe kumi na moja, kwa sababu sifuri nayo ni mstari. Yule aliyekuwa akitamka "moja" kwenye sifuri amepata dawa yake hapo, mkononi, akiwa ameshika nyundo. Mistari yote ni 22, kila mmoja mita 5, jumla mita 110 za chokaa. Hilo nalo ni swali la Hisabati, tunalifanya kabla ya kwenda kununua.

Kisha mtoto mmoja anasimama kwenye sifuri. Mwenzake anatamka "tatu, tano." Anatembea kulia juu ya mstari wa chini mpaka 3, anageuka, anakwenda mbele mistari 5, anasimama juu ya makutano. Miguu miwili ikiwa ndani ya kiboksi, wenzake wanampigia kelele. Anaitwa mwingine: "tano, tatu." Naye anatembea, anasimama. Wanatazamana wakiwa mbali. Msichana mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, mbona mwenzangu yuko kule na namba zetu ni moja?" Sikumjibu. Niliwauliza wenzake ni nani hapo uani hawezi kupotea hata namba zake zikigeuzwa. Walibishana, mmoja akakimbilia (4, 4), mwingine (7, 7), mwingine akarudi kusimama kwenye (0, 0), na kabla sijasema neno kulikuwa na foleni ya watoto iliyonyooka kutoka kona ya sifuri hadi (10, 10). Wale watoto waligundua mstari ambao huko sekondari wataukuta umeandikwa kwa herufi, y = x, na waligundua wenyewe.

Jambo moja mwalimu aliangalie. Uani mtoto anakwenda "mbele". Kwenye daftari lililolazwa mezani tunamwambia aende "juu", na kwa macho yake hakuna juu hapo, karatasi imelala. Ndiyo maana katikati ya uani na daftari naweka ukuta. Gridi ya mita moja kwa mita moja ikichorwa kwa rangi kwenye ukuta wa nyuma wa darasa, mstari kila sentimita 10, hapo juu ni juu kweli, na chaki inaandikwa na kufutwa kila siku bila mtu kuchora mihimili upya. Kutoka uani kwenda ukutani, kutoka ukutani kwenda kwenye karatasi. Ukiiruka ngazi ya kati wapo watakaoshindwa kuvuka.

Kwenye karatasi nawapa picha. Darasa likiwa na watoto 80, mwalimu hawezi kusahihisha nukta moja moja kwa kila mmoja. Inafaa kazi yenyewe ijisahihishe. Msomaji mwenye daftari la miraba karibu ajaribu hii. Unganisha (1, 3), (2, 1), (8, 1), (9, 3), kisha rudi (1, 3). Hilo ni tumbo la jahazi. Chora mlingoti kutoka (5, 3) hadi (5, 9). Mwisho tanga: (5, 9), (8, 4), (5, 4). Mtoto aliyefuata mpangilio anaona jahazi limesimama. Aliyegeuza namba zote anaona jahazi limelala ubavu, mlingoti unaelekea kulia. Aliyekosea nukta moja anaona kona imebonyea mahali asipopatarajia, na anarudi mwenyewe kuitafuta. Sijawahi kuona mtoto anayeridhika na jahazi lililobonyea. Halafu nageuza kibao: sasa wewe chora chako, uniandikie nukta zake, na jirani yako achore kwa kusoma tu bila kukiona. Kuandika nukta kutoka kwenye mchoro ni kazi nyingine kabisa na ile ya kuchora kutoka kwenye nukta, na vitabu vingi vya mazoezi vinaipa nafasi ndogo mno.

Wakishika hapo, ndipo namba hasi ziingie, na hapa Mtanzania ana bahati. Nchi yetu yote iko kusini ya Ikweta na mashariki ya Greenwich, ikianzia karibu digrii 1 hadi karibu 12 kusini, na karibu digrii 29 hadi 40 na kitu mashariki. Maana yake ni kwamba Tanzania nzima inaenea kwenye gridi ya miraba 12 kwa 12, kila mraba digrii moja, kutoka 29 hadi 41 kwenda kulia na kutoka 0 hadi −12 kwenda chini. Karatasi moja ya daftari inatosha. Weka Kigoma (29.6, −4.9), Mwanza (32.9, −2.5), Mbeya (33.5, −8.9), Dodoma (35.7, −6.2), Arusha (36.7, −3.4), Tanga (39.1, −5.1), Dar es Salaam (39.3, −6.8), Mtwara (40.2, −10.3). Mtoto anaona nchi yake ikitokea mbele yake nukta kwa nukta, na anaona kwamba −10.3 iko chini zaidi ya −2.5, jambo ambalo kwenye mstari wa namba wengi hulikataa kwa kuwa 10 ni kubwa kuliko 2. Huku kwetu digrii moja ni kama kilomita 111. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam kwenye gridi ni digrii 3.6 kwenda kulia na kidogo kushuka, yaani takriban kilomita 400 kwa mstari ulionyooka. Barabara ni kama 450. Watoto hubishana kwa nini barabara ni ndefu zaidi, na ubishi huo ni mzuri. Mtoto wa Nanyuki, Kenya, au wa Kayabwe kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka ana bahati zaidi, maana anaweza kuivuka sifuri kwa miguu yake.

Lakini mwalimu asome tena namba nilizoandika. Kwa Dodoma, hapa nimetanguliza 35.7. Mwanzoni, kwenye simu, ilitangulia −6.17. Hisabati inatanguliza namba ya kwenda kulia. Simu na vitabu vya jiografia hutanguliza latitudo, namba ya kupanda na kushuka. Ramani za topografia za 1:50,000 nazo, ambazo wanafunzi hukutana nazo sekondari, zina gridi ya kilomita moja kwa kilomita moja, na humo inatangulia tena namba ya kwenda mashariki. Kwa hiyo mtoto mwenye bidii aliyekariri "kulia kwanza" atasomewa kosa kwenye jiografia, na aliyekariri latitudo atasomewa kosa kwenye Hisabati. Hakuna mjinga hapo. Kuna walimu wawili wa shule moja ambao hawakukaa chini pamoja. Wakae. Wamwambie mtoto kweli yote: kila fani ina mpangilio wake, na kabla ya kusoma jozi ya namba uliza kwanza ipi ni ya kulia na ipi ni ya juu.

Wapo watakaoniuliza faida yake kwa mtoto ambaye hatakuwa mpima ardhi wala rubani. Nawajibu kwa mambo yanayotokea vijijini sasa. Mashamba yanapimwa kwa kifaa cha mkononi ili wenyewe wapate hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kila kona ya shamba ni jozi ya namba. Mwenye shamba asiyejua kuzisoma atatia saini asichokijua, na namba moja ikigeuzwa au tarakimu moja ikikosewa, kona yake itahamia kwa jirani. Karani anaweza kukosea. Mwenye mali anatakiwa aweze kuona kosa. Ujuzi wa kuliona anaweza kuupata shule ya msingi, kwa lugha yake, kabla hajafika sekondari ambako mada hiyo hiyo atafundishwa kwa Kiingereza.

Najua hoja ya mtihani. Watahiniwa wa darasa la saba ni zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na mtihani wa watu wengi hivyo, kwa sehemu kubwa wa kuchagua jibu na kusiliba kwenye fomu, unaeleweka. Lakini mtoto anaweza kusiliba herufi sahihi bila kujua kuweka nukta hata moja, na shule inayofundisha kwa mfano wa fomu haitalijua hilo. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, unasisitiza umahiri, yaani mtoto aweze kutenda. Majira ya nukta ni mada ambayo kutenda kwake kunaonekana kwa macho, uani, mbele ya mzazi yeyote anayepita.

Nawaomba walimu wakuu wawape walimu wa Hisabati vipindi viwili mfululizo nje ya darasa kwa mada hii, wasiwahesabie kuwa wanacheza. Na nawaomba wajumbe wa kamati za shule, kabla shule hazijafunguliwa Januari, wapange siku moja, wanunue kamba, chokaa na kopo moja la rangi, wamwite fundi mmoja wa kijijini anayejua kupima kona, na wahakikishe mistari ya gridi ni kumi na moja kila upande, ikianzia sifuri.